Mtungi wa Susu Kati ya Mito Miwili

Ko. Ko. Ko. Ndu.

Hiyo ndiyo sauti niliyorudi nayo nyumbani. Ni ukucha wa mwanamke anayeitwa Mama Rukia, akigonga mtungi wa plastiki kuanzia shingoni kushuka chini. Penye hewa mtungi unasema ko. Maji yanapoanzia, unasema ndu. Kila alipogonga, ile ndu ilikuwa imeshuka kidogo, na moyo wangu ukashuka nayo.

Nyinyi wasichana wa kwaya mmeniuliza mmoja mmoja, "Mumbua, ni kweli ulikwama kisiwani, huku kwetu Kitui?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila mara nasahau kitu. Kwa hivyo naandika yote mara moja, mpeane. Mimi shule niliishia kidato cha pili, mtanivumilia.

KYUSO: KUBEBA MAJI WAKATI WA MAWINGU

Mnajua susu yangu, mama yake mama. Miguu ilipomshinda, mjomba akamchukua akae naye Mbumbuni, Makueni. Huko wana kisima kirefu cha mashine, lakini maji yake yana chumvi. Wenyewe wamezoea. Susu amekataa kabisa. Mjomba alipiga simu Jumanne akasema, "Mumbua, nyanya yako hanywi maji. Anaonja, anatema, anauliza tunampa machozi ya nani. Daktari amesema anakauka."

Kisha akampa Susu simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. Akasema, "Mumbua, nichimbie pale pangu. Uniletee."

Hakuna kitu kingine. Sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi nikashuka mtoni na kata na mtungi wa lita tano. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, kama mnavyoujua kabla ya mvua. Nikachimba chini ya mkuyu, pale tunapochota sisi sote. Yale ya kwanza yenye vumbi nikayamwaga, ya pili pia nikayamwaga, nikangoja yapande yenyewe, taratibu, mpaka nikaona uso wangu ndani. Hayo ndiyo niliyojaza. Nikafunga mdomo wa mtungi kwa nailoni ndipo nikaweka kifuniko.

Pale stendi nilichekwa hadi na mbuzi. Mama mmoja muuza nyanya alisema, "Mawingu yale pale, mvua inabisha hodi, na huyu anasafirisha maji!"

"Ni ya susu," nikasema.

"Kwani huko Makueni hunywa nini, soda?"

Basi zote zilikuwa zimeondoka. Nikapata lori la Kyalo, kijana mwenye mdomo mwingi, limejaa magunia ya ndengu za kwenda Mwingi. Mbele tulikaa wanne: Kyalo kwenye usukani, mimi, msichana wa rika langu aitwaye Mwikali na mtoto wake wa miezi minane, Mutua, na Mama Rukia. Mama Rukia alizaliwa pwani, kisiwani, akaolewa Mwingi miaka mingi iliyopita, na huleta leso kwenye soko letu. Mwikali alikuwa anampeleka Mutua hospitali kwa sababu alikuwa anaharisha tangu jana.

Mtungi wangu niliuweka nyuma ya kiti, nikaufunika kwa leso. Mama Rukia akauegemea kama mto wa kulalia. Niliona lakini sikusema kitu.

KISIWA

Mto wa kwanza tuliuvuka maji yakiwa ya kulowesha kisigino. Kyalo hata alipiga honi kuusalimu. Mto wa pili uko mbele kidogo, labda mwendo wa kuimba nyimbo nne. Tulipofika, tulisikia kabla ya kuona. Ulikuwa umefurika. Huku kwetu hakukuwa na tone, mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na mto ulikuja na miti mizima, na mbuzi mmoja aliyekufa akizunguka kama anacheza.

Kyalo akageuza lori. Tukarudi mto wa kwanza. Na huo pia ukawa umefurika.

Kati ya ile mito miwili hakuna nyumba, ni vichaka vya miiba na boma moja la zamani ambalo watu walilihama. Simu hazikushika mtandao. Tukashuka, tukaangaliana.

"Msijali," Kyalo akasema. "Tuko na ndengu magunia hamsini! Mkamba anaweza kufa akiwa na ndengu?"

Akatoa sufuria yake, akatoboa gunia, akachukua kiberiti akatia mfukoni, akaenda mtoni kuchota maji ya kuchemshia. Mama Rukia alimwita, "Kyalo, mwanangu, hebu ngoja kwanza!" Lakini Kyalo alikuwa ameshafika ukingoni. Ukingo ukameguka. Nilimwona akienda chini mpaka kifuani, akashika mzizi, akatambaa juu kama kenge. Mto ulibaki na sufuria na kiatu kimoja. Simu yake ikazima, na kiberiti kikawa uji.

Sasa hatukuwa na moto, wala chombo cha kuweka motoni, na mtu wa kukaribia ule mto hakuwepo tena. Kyalo alikaa chini akitetemeka. Baadaye akaanza kutafuna ndengu mbichi kwa hasira.

"Tema," Mama Rukia akamwambia.

"Mama, nina njaa."

"Njaa itakungoja. Ukila kikavu, tumbo litataka maji ya kukilainisha, nawe maji huna. Chakula kinakunywa maji yako. Tema."

Kyalo akatema. Halafu akacheka kidogo. "Mama Rukia, hapa ni Kyuso. Unaongea kama tuko baharini."

"Na tuko wapi basi? Maji kushoto, maji kulia, na hakuna hata tone la kunywa. Bahari ni hiyo hiyo, imebadilisha rangi tu."

Hapo ndipo akatusimulia. Alipokuwa msichana mdogo walikuwa wakisafiri kwa mashua ya injini, yeye, mama yake na ami yake. Injini ikafa, mkondo ukawachukua siku nne. Mashua ilipoanza kuingia maji iliwabidi wapunguze mizigo. Ami yake alikumbatia gunia la mchele. Mama yake alikumbatia mtungi wa maji na tanga kuukuu. "Wakapigana mbele yangu," akasema, "ami akimwita mama mjinga. Siku ya tatu ami mwenyewe ndiye aliyeutupa mchele baharini, kwa sababu hakuna aliyeweza kuumeza."

Akanyoosha vidole. Kwanza maji. Pili kivuli, kwa sababu jua hukunywa bila kuomba ruhusa. Tatu kitu cha kuonekana nacho. Chakula mwisho kabisa.

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Je, kuna mwenye maji?"

Kyalo akasema yako kwenye rejeta, lakini yana dawa. Mwikali akatikisa kichwa. Kichupa chake kilikuwa kimeisha njiani.

Nami, wapendwa, nilinyamaza.

Naandika hili nikiwa na aibu. Nilimfikiria Susu akitema maji ya chumvi. Nikajiambia mto utapungua jioni, hakuna atakayekufa kwa saa chache. Mama Rukia aliniangalia mara moja tu, akageukia kazi yake.

MTUNGI UNAFUNGULIWA

Kazi yake ilikuwa turubai. Alimfanya Kyalo alivute kutoka kwenye mzigo, tukalifunga upande mmoja kwenye lori na upande mwingine kwenye mti wa miiba. Alitukataza kutembeatembea. Aliyetaka kulalamika alalamike ameketi, akasema.

Mutua akaharisha tena. Alikuwa ameacha kulia na sasa alikuwa anatoa sauti kama paka. Mwikali alijaribu kumnyonyesha, akanyonya kidogo akaacha. Akafungua mkoba wake, akatoa pakiti mbili ndogo za ile dawa ya unga, ya chumvi na sukari, inayochanganywa na maji safi lita moja. Aliziweka mapajani akaziangalia tu. Hakutuomba kitu. Hakujua kuna wa kuombwa.

Miguu ilinibeba yenyewe. Nilienda nyuma ya kiti, nikaondoa leso, nikarudi na mtungi begani.

"Ni ya susu yangu," nikasema, na machozi yakaniponyoka. "Nilikuwa nimeyaficha."

Kyalo alifungua mdomo kusema kitu, na mnajua kingekuwa kikali. Mama Rukia akamkata. "Nyamaza wewe, mwenye kuzamisha sufuria." Kisha akaniambia polepole, "Tangu Kyuso nimeuegemea mtungi wako, mwanangu. Mgongo wangu unajua maji na unajua mafuta ya taa. Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Maji ya kunyang'anywa hupiganiwa mpaka yaishe. Ya kutolewa hugawanywa."

Mimi nisingekuwa na subira hiyo. Mngekuwa nyinyi, mngekuwa nayo? Mtoto anaugua mbele yako na unajua maji yako nyuma ya kiti. Nilimuuliza baadaye, akasema kama mtoto angezidiwa kabla sijasimama, angeuchukua bila kuniuliza, na angeniomba radhi Mwingi.

Akauliza Mbumbuni iko upande gani. Nilionyesha upande wa kusini, nikikisia. Akageuka huko, akasema kwa sauti, "Bibi, sisi wanao tumekwama. Tunakuomba maji yako. Usikasirike na mjukuu wako." Kyalo akavua kofia, hata sijui kwa nini.

Dawa ilichanganywa kwenye chupa ya thamosi ya Mama Rukia. Mutua alipewa kijiko, akangojewa, kijiko kingine. Sisi wakubwa tulipimiwa kwa kifuniko cha thamosi, sawasawa, na Mwikali alipata mara mbili kwa sababu ananyonyesha. Mama Rukia alijipimia mwisho. Kisha akagonga mtungi. Ko, ko, ndu.

Kabla ya jua kutua, Mutua alikojoa. Jamani, sijawahi kuona watu wazima wanne wakishangilia mkojo namna ile. Kyalo alipiga kigelegele.

JUMAMOSI: KIOO

Asubuhi mito ilikuwa bado inanguruma. Jua lilitoka mapema na hasira zake. Mama Rukia alimwambia Kyalo afungue kioo cha pembeni cha lori.

"Mama, hicho kioo ni cha bosi!"

"Bosi wako atapata kioo kingine. Lori lote hili halionekani kutoka kule, lakini kioo kitaonekana."

Ng'ambo ya mto wa pili, mbali, kuna kilima chenye kanisa la mabati. Alinifundisha kunyoosha mkono, kuliweka kanisa katikati ya vidole viwili, na kuurusha mwanga wa jua upite hapo. Nilifanya hivyo mpaka mkono ukafa ganzi. Mimi ndoto yangu, mnaijua, ni kuiona bahari siku moja. Nilisimama pale juu ya magunia ya ndengu nikijiona nahodha, kumbe natazama vichaka.

Hakuna aliyekuja. Ko, ko, ko, ko, ndu. Mchana ule Kyalo alilaza kichwa chini ya turubai, akaniambia bila mzaha hata kidogo, "Mumbua, jana ningekutukana vibaya. Na mimi ndengu za watu nilizitoboa bila kuuliza." Tukasameheana hivyo hivyo, midomo imepasuka.

Jioni mawingu yakafika kwetu. Matone ya kwanza yalipoanguka, Kyalo na mimi tuliruka na beseni na kifuniko cha thamosi. Mama Rukia akatuzuia. "Hayo ya kwanza yanaosha turubai. Yana vumbi na dizeli. Mwageni." Wapendwa, kumwaga maji ukiwa na kiu ni kazi ngumu kuliko kulima. Lakini tukamwaga. Ya pili yakashuka kwenye mkunjo wa turubai, safi, yakajaza beseni la Mwikali na thamosi na kila kitu chenye tumbo. Tulikunywa tukicheka.

Hapo Mama Rukia akagonga mtungi wangu kwa mara ya mwisho. Ndu ilikuwa chini kabisa. Akamimina yaliyobaki kwenye chupa moja ya soda, haikujaa, akafunga akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Haya hayaguswi tena. Sasa tuna ya kwetu. Nenda nayo."

JUMAPILI: MHUBIRI ASIYEFIKA

Asubuhi ya Jumapili nilirusha mwanga tena, na mara hii nikaona watu wakishuka kilimani, wengi, wenye sare za kwaya! Mto wa pili ulikuwa umepungua mpaka magotini. Walifika ukingoni wakiimba. Kumbe walikuwa wanamngoja mhubiri mgeni, na walipoona mwanga wakajua ni kioo cha gari lake.

"Mtumishi yuko wapi?" mama mmoja akapaza sauti.

Kyalo, na kiatu chake kimoja, akainua mkono.

Ule wimbo ulikatika katikati. Lakini walipoelewa, walivuka kwa kamba, wakambeba Mutua juu juu kama mfalme, wakatupa chai na viazi vitamu kanisani. Kyalo aliambiwa asalimie kanisa. Alisimama akasema, "Bwana asifiwe. Mimi nina neno moja tu: chakula kinakunywa maji yako." Wakaitikia amina. Naamini walidhani ni andiko.

Mama Rukia alikaa nje kwenye benchi na leso yake kichwani. Akina mama walimtolea kiti kizuri na chai yenye tangawizi, na mmoja wao akanunua leso.

Mutua alifikishwa hospitali Mwingi siku ile ile. Amepona, Mwikali amenitumia picha akila ugali mwenyewe. Mama Rukia aliniaga kituoni. Akasema, "Nenda, jua linapanda, na wewe unabeba maji."

KABATI: CHUPA INASHUKIWA

Nilishuka kwenye mji mdogo wa Kabati na njaa ya siku tatu. Nikaingia hoteli, nikaagiza isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva mpaka yanacheka. Chupa yangu nilikuwa nimeizungushia leso, nimeikumbatia. Mwenye hoteli akanisogelea.

"Msichana, hapa sisi ni watu wa kanisa. Hiyo kaluvu yako iache nje."

Alidhani ni pombe! "Ni maji, mama."

"Maji gani hukumbatiwa?"

Nikamweleza, kuanzia Kyuso. Watu wa meza nyingine wakaacha kula wakasikiliza. Nilipomaliza, yule mama aliondoka, akarudi na kijiko kikubwa, akaniongezea isyo mpaka zikamwagika. Kisha akauliza kama chupa inaweza kukaa kivulini mpaka gari lije. Akaiweka mwenyewe kwenye dirisha, akamweka paka wake nje.

MBUMBUNI

Gari la mizigo lilinivusha daraja la Athi, na pikipiki ikanifikisha kwa mjomba. Susu alikuwa kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Midomo yake ilikuwa kama yetu ya Jumamosi.

"Wakya, Mumbua," akanisalimu.

"Aa, susu."

Nilipiga magoti nikamwambia yote kabla sijatoa chupa. Kwamba nilianza na mtungi uliojaa, kwamba niliyaficha, kwamba tuliyanywa, na kwamba yaliyobaki ni haya. Alinisikiliza macho yamefungwa. Nikaogopa.

"Mtoto alipona?" akauliza.

"Alipona."

"Leta."

Mjomba akamwinua, nikamshikia kikombe. Akanywa tone moja. Akanywa lingine. Akayazungusha mdomoni, nyuso zetu zote zikiwa zimeganda. Kisha akafungua macho makali kabisa, ya susu yule wa zamani.

"Haya umechimba wapi?"

"Chini ya mkuyu, susu. Pale petu."

"Petu! Nilisema pale pangu. Pangu ni kando ya jiwe! Chini ya mkuyu tulikuwa tunanyweshea punda!"

Halafu mjomba akaanza kucheka, mimi nikaanza kulia, na Susu akatuangalia sote kama wajinga. "Kwa nini analia huyu? Yananuka soda na majani ya mkuyu." Akanyoosha kikombe. "Lakini si chumvi. Ongeza."

Alikunywa kikombe kizima. Jioni akanywa kingine. Chupa ilipoisha, mjomba alikuwa ameshafunga mfereji kwenye mabati kukinga mvua, na kabla ya kukinga aliacha ya kwanza yaoshe mabati, nikiwa nimesimama hapo kumsimamia. Ya mabati Susu aliyakubali kwa manung'uniko, kama mtu anayekubali mkwe. Daktari alipokuja alimkuta ameketi nje, anamgombeza kuku.

Nilipomuaga aliniambia sikioni, "Kando ya jiwe. Upande linapotupa kivuli asubuhi."

KYUSO TENA

Niliporudi, mto ulikuwa umeshapita na kuacha mchanga mpya, laini, hauna hata alama ya mguu. Kisima cha mkuyu kilikuwa kimefukiwa. Sikumwambia mtu. Nilishuka asubuhi, jua likiwa chini, nikatafuta jiwe, nikaangalia kivuli chake kinalala wapi. Nikapiga magoti, nikachimba kwa kata mpaka kiwiko kikaingia. Maji yakaja na vumbi. Nikayamwaga. Yakaja tena, nikayamwaga. Nikangoja.

Mtungi ulipojaa nilifunga nailoni na kifuniko, nikaugonga kwa ukucha kuanzia shingoni kwenda chini.

Ndu. Ndu. Ndu. Ndu.